Conway, Bean, Ojwang' au Kansiime? Kuchagua vichekesho vya kale kwa sebule yenye lugha nne

Sebule ya kawaida ya Jumapili jioni, iwe Kampala, Arua au Busia, ina lugha tatu au nne ndani yake. Jajja, yaani babu, aliyestaafu jeshini anaongea Kiswahili cha kambini, mama mwenye nyumba anaongea Kiganda au Kilugbara, watoto wamerudi kutoka shuleni na Kiingereza chao. Katiba ya Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini sheria haimfanyi mtoto wa darasa la nne acheke Mzee Ojwang' wa runinga ya Kenya akikosana na Mama Kayai. Ukiwasha kichekesho kisichofaa, nusu ya sebule inacheka na nusu inauliza, "Amesema nini?" Hadi umalize kueleza, utani umeshapoa.

Kipimo cha kuchagulia ni rahisi. Kabla ya kuwaita watu, washa kipande, zima sauti, tazama dakika 1. Kama bado unatabasamu, utani umekaa mwilini na utavuka lugha yoyote. Kama umebaki unatazama vinywa vinavyofunguka na kufunga, utani umekaa mdomoni: huo uwekee wanaoijua lugha hiyo peke yao. Kuna aina ya tatu, utani uliokaa kwenye magazeti ya siku ile, nao ndio unaozeeka haraka kuliko yote. Vichekesho vilivyotajwa hapa vimepitishwa kwenye kipimo hicho.

Conway na Barker: ganzi na mishumaa

Hawa wawili wawekwe pamoja kwa sababu ndio wanaoonyesha tofauti wazi zaidi. Wote ni wa miaka ya zamani, wote wanasifiwa na kila anayewajua, na mmoja atakuangusha mbele ya wageni.

The Carol Burnett Show, kipindi cha vichekesho, ilirushwa na CBS ya Marekani kuanzia Septemba 1967 hadi Machi 1978, vipindi 279. Ukitaka kipande kimoja tu, chukua cha daktari wa meno cha 1969. Tim Conway ni daktari aliyetoka chuoni juzi, na Harvey Korman ni mgonjwa wake wa kwanza. Daktari anachukua sindano ya ganzi na kwa bahati mbaya anajidunga mkono wake mwenyewe. Hapo hakimbii kwenda kwenye mzaha wa pili. Anasubiri. Mkono unalegea polepole, unaning'inia kama kitambaa kilicholowa, na yeye anaendelea na kazi kama mtu ambaye hakuna kilichotokea, akiutupa ule mkono mfu juu ya kiti na kujaribu kushikia vyombo. Baadaye ganzi inaingia mguuni, na mguu nao unamkimbia. Mwisho inafika kichwani. Mtazame Korman kwenye kiti: anajificha uso, mabega yanatikisika, kwa sababu mengi ya yale hakuyajua kabla.

Hilo lina sababu yake ya kiufundi. Kila kipindi kilirekodiwa mara mbili kwa siku moja, mbele ya hadhira mbili tofauti, kisha vipande bora vikaunganishwa. Conway alikuwa na desturi ya kuigiza mara ya kwanza kama karatasi ilivyoandikwa, ili watayarishaji wawe na nakala salama mkononi. Mara ya pili alifungua mfuko wake mwenyewe. Kile unachokiona Korman akishindwa kukizuia ni mfuko huo. Hakuna neno la kutafsiri pale. Jajja wa Arua na mjukuu wake wanacheka kwa sekunde ileile.

Sasa mgeukie Ronnie Barker. The Two Ronnies, yeye na Ronnie Corbett, ilikuwa BBC kuanzia 1971 hadi 1987, na kipande chake maarufu zaidi ni cha 1976, kilichoandikwa na Barker mwenyewe kwa jina la kubuni la Gerald Wiley. Mteja anaingia hadiwea na kuomba kitu ambacho muuzaji anakisikia kama four candles. Analetewa mishumaa minne. Kumbe alitaka fork handles, mipini ya uma wa shambani. Anaomba kitu kinachosikika kama herufi O: analetewa jembe, kisha mpira wa maji, kisha soksi ndefu za kike, na mwishowe inajulikana alitaka herufi O ya kubandika kwenye geti. Kwa anayekijua Kiingereza cha mtaani kule, kinachomeza H ya mwanzo wa neno, ni kazi ya fundi wa hali ya juu. Kwa sebule yetu ni wanaume wawili wakibishana juu ya kaunta.

Wala usijaribu kukitafsiri. Utani wa namna hii unatafutiwa ndugu yake katika lugha nyingine. Ndugu yake kwa Kiswahili angekuwa mteja wa pwani anayeomba mbuzi dukani, muuzaji akaenda nyuma ya nyumba na kurudi na mnyama anayelia, kumbe mama alitaka mbuzi ya kukunia nazi. Hata huo, mueleze mtu wa Mbale ambaye nyumbani kwao hawakuni nazi, uone atakavyokutazama.

Wanaopenda kwenda kwenye kibanda cha video wanalijua hili bila kufundishwa. VJ anayesimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti ya wahusika anahitaji nafasi ya kupumua. Conway anampa nafasi tele, maana kimya chake ni kirefu na VJ anaweza hata kuongeza chumvi yake. Barker hampi hata nusu sekunde: neno la pili linategemea masikio kuwa yamelisikia la kwanza lilivyotamkwa, na VJ ameshalifunika. Ukiwa wewe ndiye mfasiri wa nyumbani, eleza hali kabla ya kipande kuanza, sentensi mbili tu ("Huyu ni daktari mpya, hajawahi kumtibu mtu. Ile sindano ni ya ganzi"), kisha nyamaza hadi mwisho.

Kipande kingine cha Burnett kinachotafutwa sana ni mzaha wao wa Novemba 1976 juu ya Gone with the Wind, filamu ya 1939 ya mashamba ya kusini mwa Marekani. Ni kirefu, karibu dakika 20, na sehemu kubwa inamtaka mtazamaji awe ameiona filamu yenyewe. Usiwashe chote. Anza pale Burnett anapotokea juu ya ngazi akiwa amevaa gauni lililoshonwa kwa mapazia, fimbo ya pazia ikiwa bado imo ndani, imekaa mabegani kama mzega wa mchota maji. Anasifiwa kwa gauni, naye anajibu kwamba aliliona dirishani akashindwa kujizuia. Fimbo ile lilikuwa wazo la mbunifu wa mavazi wa kipindi, Bob Mackie. Sekunde chache tu, na hazihitaji filamu yoyote.

Mr. Bean: salama mno?

Rowan Atkinson alianza kumwonyesha Bean kwenye ITV ya Uingereza siku ya Mwaka Mpya, 1990, na vipindi vyote ni 15 tu, kila kimoja karibu dakika 25. Bean karibu hasemi kabisa. Hata walio chini ya miaka mitano wanamjua, kwa katuni kama si kwa mwenyewe. Kwa kipimo cha kuzima sauti anapata alama zote.

Kasoro yake ndiyo hiyo. Kila mtu ameshamwona, na wengine wameona kipande kilekile mara kumi kwenye basi la kwenda Gulu. Kwa hiyo usichukue cha bata mzinga kichwani wala cha meno. Rudi kwenye kipindi cha kwanza kabisa, sehemu ya chumba cha mtihani. Bean amesoma trigonometria, jirani yake amesoma kalkulasi, bahasha zinafunguliwa na Bean anaona kalkulasi peke yake. Anahangaika kuchungulia kwa jirani hadi muda unakaribia kwisha, ndipo msimamizi anataja karatasi mbili, moja ya kila somo, na Bean anagundua kwamba hakutazama vizuri ndani ya bahasha. Katika nyumba yenye mtoto anayengoja matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hiki kinacheza kwa namna ambayo hata Atkinson hakuipanga.

Sehemu ya kanisani katika kipindi hichohicho pia ni nzuri, ingawa wazee wengine wa kanisa watakuambia si ya kuchezewa. Wajue wageni wako.

Kiswahili chenyewe: Nairobi na Dar

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa kudhani kwamba kila anayejua Kiswahili atacheka kichekesho cha Kiswahili.

Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi viwili vya vichekesho vya Kenya, zilivuka mpaka wa nchi zama za antena. Waliokaa Busia, Malaba na Tororo walizipata kutoka runinga ya taifa ya Kenya bila kulipia kitu. Mzee Ojwang' Hatari alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakamwita Mjaluo. Alifariki Julai 2015. Mama Kayai alikuwa Mary Khavere. Ukiyajua hayo, utaona utani uko wapi: katika SH inayogeuka S, katika mwanamume anayetamka maneno makubwa kwa ulimi usioyaweza. Mtu wa Busia anazipata zote, kwa sababu jirani yake anaongea hivyo. Mtu wa Koboko, ambaye Kiswahili chake kina mapito mengine kabisa, anaelewa kila neno na hacheki, maana hana masikio ya kutambua lafudhi ipi inaigwa.

Kati ya hizo mbili, kwa sebule mchanganyiko chagua Vioja Mahakamani. Mahakama ni jukwaa linalojieleza: hakimu juu, kiongozi wa mashtaka pembeni, mshtakiwa kizimbani, shahidi anayekuja kuharibu kila kitu. Hata aliyepitwa na nusu ya maneno anajua nani anamkasirikia nani, na kesi inaisha palepale. Vitimbi inataka mtu anayewajua wahusika tangu awali, aelewe kwa nini Ojwang' anaogopa kurudi nyumbani.

Onyo moja kwa walimu, kwa kuwa sasa shule nyingi zinatafuta vya kuwasikilizisha wanafunzi: msianze na hizi kwa darasa linaloanza Kiswahili. Mwanafunzi asiyejua kwamba anasikia lafudhi inayochezewa ataiga lafudhi hiyo kama matamshi sahihi, na mtamsahihisha miezi. Kwa darasa, Kiswahili cha King Majuto ni salama zaidi. Amri Athuman, mtu wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alichekesha kwa ubishi na uso, na sentensi zake zimenyooka. Ila kazi zake nyingi zinazopatikana ni filamu ndefu, kwa hiyo mwalimu akate dakika 6 hadi 8, asimwachie mwanafunzi saa nzima.

Ze Comedy ya Dar es Salaam, iliyoanzia EATV kabla ya kundi kuhamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, iko katikati. Joti akigeuka mzee, mtoto au mwanamke, mwili wake unatosha kuchekesha. Wakigusa siasa za Tanzania za wakati huo, sebule ya Uganda inabaki nje.

Redykyulass ya Kenya ndiyo mfano kamili wa utani wa gazetini. Walter Mongare, Tony Njuguna na John Kiarie walimwiga Rais Moi akiwa bado madarakani, na ujasiri ule ndio uliowafanya watu wazime redio na kukimbilia runinga. Aliyeishi enzi zile anacheka kabla Mongare hajafungua mdomo. Kijana aliyezaliwa baada ya Moi kuondoka 2002 anamwona mtu mwenye kirungu anayekoroma. Kiarie mwenyewe aliingia bungeni 2017, kama mchekeshaji wetu Kato Lubwama alivyoingia 2016 kuwakilisha Rubaga Kusini. Labda bunge ndilo jukwaa lililobaki lenye hadhira ya kila siku. Mwekee Redykyulass shangazi aliyekaa Nairobi miaka ile, mkiwa wawili. Atakueleza zaidi ya kile kinachoonekana.

Vya hapa nyumbani

Theatre Factory, na baadaye Fun Factory iliyozaliwa kutoka kwake, waliufanya usiku wa Alhamisi katika National Theatre ya Kampala kuwa usiku wa vichekesho vifupi. Lugha yao ni Kiingereza kinachoteleza kuingia Kiganda katikati ya sentensi, na mara nyingi utani uko palepale kwenye utelezi. Mkampala anaanguka chini. Mwana-Arua asiyejua Kiganda anapoteza theluthi ya vicheko, na hapendi kukiri.

Anne Kansiime alipita katika makundi hayo kabla ya kusimama peke yake, na kwa sebule mchanganyiko ndiye wa kuchukua. Vipande vyake ni vifupi, wazo moja kwa kipande, na Kiingereza chake chenye lafudhi ya Kabale kinatamkwa wazi. Zaidi ya hapo kuna lile jicho: anamtazama mtu kutoka miguuni hadi kichwani, anashusha pumzi, na jibu limeshatolewa. Zima sauti uone.

Waingereza wengine, kwa haraka

Monty Python, BBC, 1969 hadi 1974: usiwawashie wageni kipindi kizima, kwa sababu waliacha makusudi kumaliza vichekesho vyao, na mtu asiyezoea anadhani intaneti imekatika. Chukua kile cha John Cleese, mtumishi wa wizara ya mwendo wa kipuuzi, akirusha miguu barabarani, na kile cha kupigana makofi kwa samaki kando ya maji, ambacho hakifiki nusu dakika. Benny Hill anapita kipimo cha kuzima sauti bila shida, lakini kukimbizana kwake na wanawake waliovaa nusu kutamfanya jajja ainuke aende jikoni. Acha.

Picha na chombo

Vyote vya kabla ya miaka ya 1990 vilipigwa kwa picha ya 4 kwa 3, na runinga za sasa ni 16 kwa 9. Kwenye runinga ya inchi 32, picha ya kale ikikaa sawasawa ina upana wa sm 53 kati ya sm 71, na weusi unabaki pande zote mbili. Ni kama kutazama runinga ya inchi 26. Watu hawaupendi weusi huo, wanashika remoti na kuharibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvuta picha ijae: kila mtu ananenepa kwa theluthi moja, na Conway mwembamba anakuwa mtu mwingine. Ya pili ni kukuza: umbo linabaki sawa, lakini unakata sehemu moja ya nane juu na moja ya nane chini. Katika kipande cha daktari wa meno, mengi yanatokea chini, kwenye mkono unaoning'inia na mguu unaokataa kusimama. Umekata kichekesho chenyewe. Tafuta kwenye menyu ya picha mpangilio wa 4:3, kisha uache weusi ukae. Ukiwa hapo, zima pia ule mfumo wa kulainisha mwendo, maana unaifanya video ya zamani ionekane kama inateleza juu ya mafuta.

Sauti za wakati ule ni za njia moja. Mfumo wa sauti ya kuzunguka unaweza kuvuruga uwiano wa kicheko cha hadhira na maneno. Weka sauti ya kawaida, spika moja inatosha.

Kwa mtandao, kadiria MB 5 hadi 6 kwa dakika ukitazama kwa 360p, na karibu MB 8 kwa 480p. Kupanda juu ya hapo ni kupoteza bando, kwani video ya 1969 haina undani wa kuonyesha. Jioni ya dakika 70 kwa 480p inakula kama MB 560. Bora upakue mapema kwenye programu inayoruhusu, usiku wakati mtandao umetulia, kuliko kutegemea saa 2 usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

DVD aliyoleta ndugu kutoka ng'ambo ina mtego wake. Diski za Marekani zimefungwa kwa eneo 1, za Uingereza eneo 2, na Uganda iko eneo 5. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani zinasoma maeneo yote, lakini kompyuta hairuhusu kubadilisha eneo zaidi ya mara 5, kisha inajifunga palepale ilipofikia. Jaribu diski kwenye deki kwanza, kompyuta iwe ya mwisho.

Mpangilio wa jioni

Dakika 60 hadi 70 zinatosha. Zaidi ya hapo watoto wanaanza kucheka wenyewe kwa wenyewe. Anza na mtihani wa Bean, kwa kuwa hauhitaji maelezo na unamsubiri aliyechelewa. Fuatisha vipande viwili au vitatu vya Kansiime, kisha kesi moja ya Vioja Mahakamani kwa ajili ya jajja, ambaye hapo ndipo anapochukua kiti cha mbele na kuanza kuwaeleza wengine. Weka fimbo ya pazia kama kionjo. Daktari wa meno awe wa mwisho, kwa kuwa mbavu zikishauma, kinachofuata chochote kitaonekana kimepoa.

Na umeme ukikatika katikati ya Conway, ukirudi usiendelee pale ulipoishia. Rudi hadi mwanzo. Aliyeingia sebuleni wakati wa giza hakuiona ile sindano ikiingia, na kwake ule mkono ni mkono tu.